Picha ya ubongo isigeuzwe hukumu kwa aliyepoteza lugha

Siku hizi haupiti muda mrefu bila kutoka habari kwamba programu ya akili unde imefundishwa kusoma picha za MRI (picha za ndani ya mwili zinazopigwa kwa mashine ya sumaku) za watu waliopata kiharusi, na kwamba sasa inaweza kutabiri nani atarudi kuongea na nani hataongea tena. Habari hizo husambaa haraka, na wengi huzipokea kana kwamba mashine imechungulia ndani ya fuvu ikaiona lugha yenyewe na kupima kiasi kilichobaki. Kazi inayofanyika ni ya kweli, na wengi wa watafiti wenyewe ni waangalifu kuliko vichwa vya habari vinavyoandikwa juu yao. Kinachopotoka ni tafsiri. Picha ya ubongo inaonyesha palipoumia, haionyeshi lugha iliyobaki. Na utabiri unaotokana nayo unahusu kundi la watu waliotibiwa kwa kiwango fulani, katika mfumo fulani wa huduma. Anayeuchukua utabiri huo na kuutumia kuamua nani apewe tiba ya usemi na nani aachwe, ameshatoka kwenye sayansi na kuingia kwenye ugawaji wa huduma, ila anaendelea kugonga muhuri wa sayansi. Hoja yangu ni kwamba picha hizi zina thamani kubwa, hasa katika saa za mwanzo, lakini bado hazina uwezo wa kumwambia mtu mmoja mmoja kwamba basi, yake yamekwisha.

Afasia ni upotevu wa lugha unaotokana na kuumia kwa ubongo, na kiharusi ndicho chanzo chake kikuu. Takriban theluthi moja ya wanaopata kiharusi huwa nayo katika siku za mwanzo. Wapo wanaoelewa wanachoambiwa lakini maneno hayatoki. Wapo wanaotiririka maneno yasiyoshikana bila wao wenyewe kujua kwamba hawaeleweki. Wapo wanaoshindwa pia kusoma au kuandika. Kwa walio wengi, jeraha liko nusu ya kushoto ya ubongo. Jambo ambalo hata ndugu wa karibu hulisahau ni kwamba lugha inaweza kuondoka na fikra zikabaki. Mwaka 2005 Rosemary Varley na wenzake walichapisha utafiti kuhusu wanaume watatu wenye afasia kali, ambao walishindwa kutofautisha sentensi mbili zenye maneno yaleyale lakini mtenda na mtendwa wamebadilishana nafasi. Wanaume haohao walikokotoa hesabu zenye mabano, na walijua vizuri kwamba kutoa nambari ndogo kwenye kubwa si sawa na kutoa kubwa kwenye ndogo. Picha ya ubongo ya mtu wa namna hii huwa na doa kubwa upande wa kushoto, na anayeitazama bila kukutana na mwenyewe ni rahisi kuamini kwamba kila kitu kimeondoka.

Dalili za jambo hili zilikuwapo tangu taaluma hii inaanza. Mwaka 1861, katika hospitali ya Bicêtre karibu na Paris, daktari wa upasuaji Paul Broca alichunguza wagonjwa wawili. Leborgne ndiye maarufu: alibakiwa na silabi moja, "tan", hata watu wakamwita kwa silabi hiyo. Mimi huvutiwa zaidi na wa pili, Lelong, mzee wa miaka 84 aliyekuwa na maneno matano tu. Mojawapo lilikuwa "tatu", kwa Kifaransa kilichokatika, nalo alilitumia kwa nambari zote. Broca alipomuuliza ana watoto wangapi, alijibu "tatu" huku akiinua vidole vinne. Wa kiume? "Tatu", vidole viwili. Wa kike? "Tatu", na vidole viwili tena. Ulimi ulikosea kila mara, vidole havikukosea. Baada ya wagonjwa hao kufa, Broca aliona bongo zao zimeharibika sehemu ya chini ya pande la mbele, upande wa kushoto, na eneo hilo likapewa jina lake. Miaka 13 baadaye Carl Wernicke akaeleza eneo jingine, la nyuma zaidi, linalohusika na kuelewa. Ramani ya maeneo mawili ikazaliwa, na ndiyo ambayo hadi leo wengi wetu tunaibeba vichwani.

Broca hakuzikata bongo hizo, alizihifadhi nzima. Uamuzi huo ulizaa matunda mwaka 2007, pale Nina Dronkers na wenzake walipoziingiza kwenye mashine ya MRI. Waliona kwamba majeraha yalizama ndani kuliko yalivyoonekana kwa juu, yakagusa hadi zile nyuzi ndefu zinazounganisha sehemu za mbele na za nyuma za ubongo. Kwa Lelong, jeraha lilikuwa limegusa sehemu tu ya eneo ambalo leo tunaliita la Broca. Tena hilo halikupaswa kumshtua mtu yeyote, kwa kuwa tangu mwaka 1978 J. P. Mohr alikuwa ameonyesha kwamba kiharusi kilichoishia ndani ya eneo la Broca peke yake hakiachi afasia ya kudumu. Mgonjwa hushindwa kuongea mwanzoni, kisha hurudi. Kwa maneno mengine, sehemu ambayo vitabu vya shule vinaiita makao ya usemi inaweza kufa, na mtu akaendelea kusema.

Mashine zenyewe zilileta mapinduzi ambayo sina nia ya kuyabeza. Kabla ya mwaka 1971, mgonjwa wa kwanza alipopigwa picha kwa kipimo cha CT, yaani eksirei ya tabaka kwa tabaka, mjini London, njia ya uhakika ya kujua jeraha liko wapi ilikuwa kusubiri mtu afe. Baada ya hapo, watafiti waliweza kulinganisha majeraha ya watu walio hai na namna wanavyoongea. Mwaka 2003 Elizabeth Bates na wenzake waliligeuza suala hili kuwa la takwimu: walichukua watu 101 wenye afasia, wakaigawa picha ya kila ubongo katika vijisehemu vidogo vya mchemraba, kisha kwa kila kijisehemu wakauliza kama walioumia hapo wanaongea au kuelewa vibaya kuliko wasioumia hapo. Mtu hakuhitaji tena kuamua kwanza kwamba huyu ni "wa Broca" na yule ni "wa Wernicke" ndipo aanze kazi. Ni mbinu nzuri, na sehemu kubwa ya programu zinazovuma leo zimejengwa juu ya wazo hilohilo.

Lakini kiharusi hakipigi ovyo ovyo. Kinafuata mishipa ya damu, na mshipa mmoja ukiziba, maeneo yote yanayotegemea damu yake huumia pamoja, kama bomba kuu likiziba nyumba zote za mtaa zinavyokosa maji kwa wakati mmoja. Maana yake ni kwamba eneo lisilohusika kabisa na lugha linaweza kuonekana na hatia, kwa sababu tu kila likiumia, jirani yake mwenye kazi hiyo ameumia pia. Dronkers mwenyewe mwaka 1996 aliihusisha insula, sehemu iliyojificha ndani ya mkunjo wa pembeni wa ubongo, na ugumu wa kupanga matamshi. Miaka minane baadaye Argye Hillis na wenzake, wakiwachunguza wagonjwa siku zilezile za mwanzo, wakaona kwamba kinachoendana na tatizo hilo ni upungufu wa damu katika eneo la Broca, na kwamba insula huumia mara nyingi kwa sababu ya mahali ilipo tu. Mwaka 2014 Yee-Haur Mah na wenzake walitumia picha za watu 581 kupima ukubwa wa kosa hili. Walitunga upungufu ambao wao wenyewe walijua chanzo chake kiko wapi, wakaiachia mbinu ya kawaida itafute. Ramani zilisogea, kwa wastani zaidi ya sentimita moja, kufuata njia ya mishipa. Ndani ya ubongo, sentimita moja inatosha kumtoa mtu kwenye kazi moja na kumpeleka kwenye nyingine kabisa.

Kuna aina ya pili ya picha, ile ya rangi nyekundu na njano ambayo magazeti huipenda. Hiyo ni MRI ya utendaji, iliyotokana na ugunduzi wa Seiji Ogawa na wenzake mwaka 1990 kwamba kiwango cha oksijeni ndani ya damu hubadilisha ishara ya mashine. Rangi hizo si fikra wala si umeme wa seli. Ni mabadiliko ya mtiririko wa damu, yanayofikia kilele sekunde kama tano baada ya seli kufanya kazi. Kwa mtu mzima wa afya ucheleweshaji huo unajulikana na unaingizwa kwenye hesabu. Kwa mtu wa kiharusi mambo ni tofauti, maana ugonjwa wake ni wa mishipa ya damu yenyewe. Pale ambapo mshipa umekuwa mwembamba, damu huweza kuchelewa zaidi au kuitika kidogo sana, na programu iliyozoea mwendo wa kawaida ikasoma kwamba hapo hakuna kazi inayofanyika. Hapa napenda kusimama kidogo, kwa sababu wachambuzi wengi hupapita mbio: kipimo kinachotegemea tabia ya damu kinatumika kupima ubongo ambao kilichoharibika kwanza ni tabia ya damu. Watafiti makini wana njia za kurekebisha hilo. Msomaji wa picha iliyobandikwa mtandaoni hana.

Upande wa wanaotetea matumizi ya picha una hoja nzito, na iliyo nzito kuliko zote ni ya saa za mwanzo. Mshipa unapoziba, si kila kilichonyamaza kimekufa. Kunakuwa na kiini kilichokufa, na kukizunguka kuna seli zilizo hai ambazo zimeacha kazi kwa kukosa damu. Hillis na wenzake walionyesha kwamba damu ikirudishwa kwenye maeneo hayo, mgonjwa aliyekuwa hawezi kutaja majina ya vitu huanza kuyataja. Dawa ya kuyeyusha donge la damu hutolewa kwa kawaida ndani ya saa 4.5 tangu dalili zianze, tena baada ya picha kuthibitisha kwamba ubongo hauvuji damu. Kulivuta donge lenyewe kwa kifaa kinachopitishwa ndani ya mshipa kumesogezwa, tangu majaribio makubwa ya mwaka 2018, hadi saa 24 kwa wagonjwa waliochaguliwa, na kilichowachagua katika majaribio hayo ni picha: kiini kidogo, eneo kubwa linaloweza kuokolewa. Hapo picha inafungua mlango wa tiba, na kuna watu wanaoongea leo kwa sababu hiyo. Anayesema picha za ubongo ni mapambo ya bei ghali hajawahi kufikiria saa hizo.

Hoja ya pili ya upande huo ni ya kibinadamu. Ndugu wanataka kujua. Mgonjwa mwenyewe anataka kujua kama atarudi kazini, kama ataweza kupokea simu. Kuwajibu kila mara "tusubiri tuone" ni kuwaacha gizani. Mradi wa Cathy Price na wenzake katika chuo kikuu cha University College London, unaoitwa PLORAS, umejengwa kujibu hitaji hilo: unakusanya picha na vipimo vya lugha vya watu waliopata kiharusi, kisha mgonjwa mpya analinganishwa na waliotangulia wenye jeraha linalofanana na lake, na kuonyeshwa wenzake walifika wapi na baada ya muda gani. Naupenda mpango huo kwa sababu jibu lake huja kama upana wa uwezekano. Wenye jeraha karibu sawa hutawanyika: mmoja anapiga soga, mwingine bado anatafuta jina la mwanawe. Mtawanyiko huo ndio habari kubwa, nao ndio unaopotea mara tu matokeo yanapofupishwa kuwa asilimia moja kwenye skrini.

Hoja dhaifu kuliko zote ni ile inayosikika kwa sauti ya unyenyekevu: eneo la lugha limeshakufa, rasilimali ni chache, tiba ya usemi itasaidia nini? Inasikika kama uhalisia, lakini kila sehemu yake ina tundu. Eneo moja la lugha halipo. Tumeliona hilo tangu Mohr. Ubongo uliobaki nao haukai kimya. Dorothee Saur na wenzake nchini Ujerumani waliwapiga picha wagonjwa 14 mara tatu, kuanzia siku za mwanzo hadi karibu mwaka mzima. Kwanza sehemu za lugha upande wa kushoto zilikuwa hoi. Baada ya wiki mbili hivi shughuli zikapanda kwa nguvu, hasa upande wa kulia. Baadaye zikarudi tena kushoto, na usemi ukawa umeimarika. Kundi ni dogo, nakiri, na si kila utafiti uliofuata umepata mwendo uleule, lakini linatosha kuonyesha kwamba picha ya siku ya tatu na picha ya miezi kumi baadaye si picha za ubongo unaofanya mambo yaleyale. Na kwa wanaosema muda ukishapita basi, Caterina Breitenstein na wenzake walichapisha mwaka 2017 jaribio la watu zaidi ya 150 ambao walikuwa na afasia kwa miezi sita au zaidi. Wiki tatu za tiba ya saa 10 au zaidi kwa wiki ziliboresha mawasiliano yao ya kila siku, huku waliokuwa wakisubiri zamu hawakubadilika mpaka nao walipotibiwa. Uchambuzi mkubwa wa data za wagonjwa wa nchi nyingi, uliotolewa mwaka 2022, uliona faida kubwa zaidi ya lugha kwa waliopata jumla ya saa 20 hadi 50.

Sasa turudi kwenye programu za utabiri tukiwa na takwimu hizo mkononi. Programu hujifunza kutokana na watu wa jana: picha zao na jinsi walivyokuwa wakiongea baadaye. Watu hao walipata tiba kiasi gani? Mara nyingi kidogo sana, na mara nyingi haikuandikwa. Kwa hiyo programu inaposema kwamba mwenye jeraha hili hataongea, usemi wake kamili ni kwamba mwenye jeraha hili, akihudumiwa kama wenzake walivyohudumiwa, hataongea. Ukiondoa kipande cha katikati, unapata hukumu. Hukumu hiyo ikitumika kumnyima tiba, atabaki kimya, ukimya wake utaingizwa kwenye data, na toleo lijalo la programu litakuwa na uhakika zaidi. Madaktari wa viharusi vya kuvuja damu waliuona mtego huu zaidi ya miaka 20 iliyopita: mgonjwa alionekana mapema kwamba hatapona, mashine za kumsaidia kuishi zikaondolewa, akafa, na kifo chake kikahesabiwa kuwa ushahidi kwamba wa aina yake hawaponi. Kwenye afasia mzunguko huu ni wa polepole na hauna cheti cha kifo, ndiyo maana ni vigumu zaidi kuugundua.

Utabiri unaojiamini kupita kiasi tumeshauona pia bila picha. Mwaka 2010 ilitolewa kanuni kwamba wagonjwa wa afasia hurudisha takriban asilimia 70 ya kile walichopoteza, na ilionekana kutabiri vizuri ajabu. Thomas Hope na wenzake baadaye wakaonyesha kwamba sehemu ya uzuri huo inaweza kuzalishwa na hesabu yenyewe, kwa sababu kilichopotea na kilichorudi vyote viwili hukokotolewa kutokana na alama ileile ya mwanzo. Hakuna aliyedanganya. Watu walipenda kanuni safi.

Wapo pia wanaoenda mbali upande wa pili, na silaha yao ni samaki. Mwaka 2009 Craig Bennett na wenzake walimwingiza samaki aina ya samoni, aliyekufa, kwenye mashine ya MRI, wakamwonyesha picha za binadamu, na baadhi ya vijisehemu vya ubongo wake "vikawaka". Ni kisa kitamu, na kilipewa tuzo ya mzaha ya Ig Nobel mwaka 2012. Lakini somo lake ni kwamba ukipima maelfu ya vijisehemu bila kusahihisha takwimu, bahati tu itakupa majibu. Marekebisho yake yanajulikana na yanatumika. Anayemtaja samaki yule ili kuitupa taaluma nzima anakwepa kazi ya kusoma.

Kasoro inayonisumbua zaidi kuliko samaki ni ya lugha zenyewe. Data nyingi zimetoka kwa wazungumzaji wa Kiingereza, Kijerumani na lugha nyingine chache. Mwenye afasia ya Kiingereza hudondosha viambishi, akabaki na neno tupu ambalo bado ni neno. Kwenye Kiebrania mzizi peke yake hautamkiki, kwa hiyo wagonjwa hawadondoshi, wanabadilisha: umbo moja linakaa mahali pa jingine. Kiswahili, chenye kitenzi kinachobeba mtenda, wakati na mtendwa kwa pamoja, hakiwezi kutazamiwa kuvunjika kwa mtindo wa Kiingereza. Kipimo kilichotafsiriwa neno kwa neno kitampa alama mgonjwa ambaye sarufi yake imeparaganyika, au kitamnyima asiye na tatizo hilo, na alama hiyo ndiyo inayofundisha programu nini maana ya "amepona". Mwenye lugha mbili au tatu naye anaweza kurudisha moja kabla ya nyingine. Akipimwa kwa ile iliyochelewa, anahesabiwa kuwa hajapona.

Kinachofuata kwa wanaounda na kununua mifumo hii si kigumu kukieleza. Kila rekodi inayofundisha programu iwe na saa za tiba alizopata mtu, kwa lugha gani, na alipimwa kwa lugha gani. Bila hayo, programu haiwezi kutenganisha jeraha na uzembe wa huduma. Jibu litolewe kama upana, likiambatana na idadi ya watu wanaofanana na mgonjwa ambao programu imewahi kuwaona, maana kutabiri kutokana na watu sita si sawa na kutabiri kutokana na mia sita. Na utabiri mbaya utumike kwa namna ambayo picha za saa za mwanzo zinatumika tayari: kuonyesha nani anahitaji juhudi za ziada na za aina gani. Ripoti inayosema tu kwamba mgonjwa hataongea irudishwe kwa aliyeiandika, aeleze kwanza: kwa tiba ya saa ngapi?